MJADALA: Kiangazi hiki wenye bustani wakatiwe maji ya bomba, au kila aliyevuta maji nyumbani afungiwe dira (mita ya maji)?

Mtoa mada
Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mjumbe wa kamati ya jumuiya ya watumia maji huku tambarare za Same. Mradi wetu ni wa mserereko: banio liko mlimani, maji yanashuka kwenye tenki, kisha magatini, yaani kwenye bomba za kuchotea watu wote, na kwa wachache waliovuta majumbani. Masika yakishapita, chanzo kinapungua wiki hadi wiki mpaka vuli iingie. Kikao cha juzi kiligawanyika. Wengi wanataka wenye bustani wote wakatiwe maji hadi mvua. Mimi napinga. Nataka dira kwa kila aliyevuta, na bei ipande kadiri mtu anavyotumia.

Kwetu aliyevuta nyumbani analipa kiwango kimoja kwa mwezi, achote ndoo tatu au amwagilie usiku kucha. Mama wa gatini analipa sh 50 kwa ndoo ya lita 20. Uniti moja ni ndoo 50, kwa hiyo uniti inamgharimu sh 2,500, tena kaibeba kichwani. Halafu kiangazi kikifika, ni huyo huyo tunayemwambia abane matumizi. Hili linaniuma sana.

Hata hivyo, wanaotaka kukata maji wana hoja. Robo eka ya mchicha kwenye jua la Septemba ni kama mita za mraba 1,000. Ikihitaji milimita 5 kwa siku, hizo ni lita 5,000. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku. Bustani moja imekunywa maji ya watu 200, na gati zima limepangiwa watu 250! Lakini ukikata bila dira, mipira itafunguliwa usiku na hutamjua mhusika.

Mama Mchicha
Kaka mjumbe, hiyo hesabu yako ni ya robo eka. Wengi wetu tuna matuta manne nyuma ya nyumba. Mtaro wa bomba nilichimba mwenyewe na wanangu, mabomba nikanunua, na ada ya watoto inatoka kwenye hayo matuta. Dira siikatai. Nikatae nini, wakati namwagilia jioni kwa kopo na nimetandaza majani makavu shinani? Ninachokataa ni kuwekwa kundi moja na mwenye robo eka anayelaza mpira shambani mpaka asubuhi.

Fundi bomba
Mnagombania mchicha wakati maji yanapotelea njiani. Nendeni kwenye tenki saa 7 usiku, msome dira kubwa ya kutokea, mrudie saa 10 alfajiri. Saa hizo watu wamelala. Kinachopita hapo, sehemu kubwa ni uvujaji na mipira ya usiku. Mchana mfuate laini kwa miguu. Mkiona nyasi mbichi mwezi wa tisa, chimbeni. Mara nyingi mtakuta kiungo kimefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Kwanza hilo, dira baadaye.

Mzee wa ndiva
Wanangu, ndiva zetu huku Upare, yale mabwawa ya kienyeji ya kumwagilia, zilijazwa usiku, mchana watu wakamwagilia kwa zamu. Hakuna aliyeuza. Malipo yako yalikuwa jembe lako siku ya kusafisha mfereji. Maji ni ya Mungu, mtu asiyejiweza mnataka alipe kwa nini?

Mtoa mada
Shikamoo mzee. Asiyejiweza asilipe, majina yapitishwe kwenye mkutano wa kitongoji mbele ya wote. Na ndiva zina somo kubwa kwetu: maji ya shamba yalikuwa na hifadhi yake na zamu yake. Ila jembe halinunui bomba wala koki, na fundi anakula.

Fundi, nimekuelewa, kusoma dira kubwa usiku hakugharimu kitu na wiki hii naipeleka kwenye kamati. Sikubali tu kwamba dira za majumbani zisubiri, maana bila hizo hutajua kilichovuja na kilichotumika.

Dada, umenirekebisha vizuri. Nyumba ya watu 6 kwa lita 25 kila mmoja ni lita 150 kwa siku, kama uniti 4 na nusu kwa mwezi. Napendekeza uniti 5 za mwanzo ziwe za bei ya chini, na ndoo ya gatini ishushwe ilingane nazo. Juu ya hapo bei ipande kwa ngazi. Matuta manne yatakuongezea kidogo, robo eka italipa hasa.

Kilichobaki ni gharama ya dira yenyewe. Jumuiya inunue na kukata kidogo kidogo kwenye ankara, au mteja alipe mwenyewe kabla ya kiangazi? Wenye mradi uliokwisha kufunga dira, mlifanyaje?