Qingdai: tiba ya kolaitisi au nili ya kutia nguo rangi?

Shungi: Wadau, mwenzangu kazini ana kolaitisi, yaani vidonda vya utumbo mpana. Baada ya miaka mitatu ya kuhara damu, ameacha mesalazini aliyoandikiwa na daktari, na sasa anakoroga qingdai, ule unga wa nili wa Kichina unaoacha ubuluu kwenye kijiko hata kikisuguliwa. Kuhara kumekoma. Je, ni haki kumzuia?

Mpima Dozi: Unga huo una nguvu kweli, na ndiyo maana nauhofia. Wajapani waliwajaribu wagonjwa 86 kwa wiki 8: kati ya waliopewa gramu 1 kwa siku, asilimia 75 walipata nafuu, ilhali waliopewa vidonge visivyo na dawa hawakufika asilimia 14. Hata hivyo jaribio lilisitishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa mgonjwa mmoja nje ya jaribio, aliyejinunulia qingdai mwenyewe, alipatwa na shinikizo la juu la damu katika ateri za mapafu. Upande huo hausemwi, na hiyo ndiyo desturi ya waganga wa majani.

Bi. Mkunazi: Desturi ya waganga wa majani? Dawa mseto ya malaria unayomeza ilitokana na jani. Tu Youyou, mwanasayansi wa Kichina, alipewa Nobeli mwaka 2015 kwa kulifuata andiko la Ge Hong kuhusu jani hilo, tabibu wa Kichina wa karne ya 4.

Mpima Dozi: Alilifuata, kisha akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, ili moto usiiue dawa, na yeye na wenzake wakainywa kwanza kabla ya wagonjwa. Kidonge cha mseto kina miligramu 20 za artemetha, dawa itokanayo na jani hilo, zilizopimwa. Qingdai ya mwenzake Shungi inapimwa kwa kijiko cha chai.

Bi. Mkunazi: Kijiko cha bibi yangu kimelea watoto tisa, wewe umelea mizani. Hata hiyo mesalazini huweza kudhuru figo, mbona hulitaji?

Mpima Dozi: Hutokea kwa nadra, na damu hupimwa ili kuangalia figo. Je, bibi alikuwa akipima?

Kinyonga: Mimi vidonda vya tumbo vilipona kwa juisi ya kabichi, jamani.

Shungi: Ndugu Kinyonga, hivyo ni vya tumbo, na mimi nauliza kuhusu utumbo mpana. Tena kuna jambo sikulisema: tangu wiki iliyopita mwenzangu akipanda ngazi za ofisi husimama katikati, akashika ukuta, ndipo aendelee.

Mpima Dozi: Aache unga huo leo hii, na aende akapimwe moyo kwa mawimbi ya sauti. Amweleze daktari kila alichokunywa, asione haya.

Bi. Mkunazi: Aende, hilo sibishani nalo. Lakini kuhusu hiyo “desturi ya waganga wa majani”, bado sijaombwa radhi.