Naomba ushauri: mrija gani unamfaa mgonjwa baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku?

Wakuu, heshima zenu. Namuuguza mama aliyepata kiharusi. Mikono inatetemeka, kikombe hakishiki, na mtaalamu wake ameshasema mrija unamfaa. Ile ya plastiki inayopinda shingoni ndiyo ilikuwa mkombozi, sasa imepigwa marufuku.

Ya karatasi inalegea kabla hajamaliza chai, na vipande vinabaki mdomoni, jambo la hatari kwa mtu anayemeza kwa shida. Ya chuma inashika joto la kinywaji, tena akitetemeka inagonga meno. Mwanzi haupindi. Nimebaki kuifikiria ya silikoni, ila nasikia kuisafisha ndani ni kazi, hasa akinywa uji au maziwa.

Sipingi kutunza bahari, ingawa inaudhi kunyang'anywa mrija huku soda yenyewe ikiuzwa kwenye chupa ya plastiki! Uingereza ilipopiga marufuku mwaka 2020, maduka ya dawa yaliruhusiwa kuendelea kuwauzia wenye mahitaji.

Aliyetumia silikoni kwa mgonjwa, inahimili kuchemshwa kila siku? Na kikombe chenye mdomo mwembamba wa kunywea kinaweza kuwa mbadala, au kinamwaga haraka mno?