Naomba ushauri: mjomba anasambaza uzushi kuhusu Wayahudi na neno "money"

Wakuu, mjomba aliyenisomesha anaandika kwenye kundi la ukoo kwamba neno la Kiingereza "money" ni la Kiyahudi, eti ushahidi kuwa Wayahudi walibuni fedha ili watawale dunia. Si kweli. Linatokana na Moneta, jina la sifa la Juno, mungu wa kike wa Warumi. Sarafu za Roma zilitengenezwa karibu na hekalu lake. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, alilihusisha jina hilo na kitenzi cha Kilatini monere, yaani kuonya. Kiebrania hakimo kabisa.

Uzushi wa namna hii ulichochea mauaji ya Wayahudi milioni 6, ndiyo maana unaniuma. Nimfuate nyumbani nimweleze kwa adabu, au nijibu palepale kwa kuwa watoto wanasoma?