Amri ya zamani: kuifuta leo, kuipa onyo, au kuiunganisha kimyakimya?

mwalo_kibirizi (Kigoma): Wakuu, naomba ushauri. Nina programu ya kuandikia mizigo ya dagaa mwaloni, inaendeshwa kwa kuandika amri tu. Amri ya zamani ni `pima`, inatoa kilo peke yake. Mpya ni `uzito`, inatoa tarehe, mtumbwi na kilo. Kosa moja nalirekebisha mara mbili, nimechoka. Niifute `pima` leo, niiache itoe onyo kwanza, au niigeuze iite `uzito` kimyakimya?

ujiji_kodi: Futa. Ukibembeleza watu hawahami.

mzee_wa_asali (Tabora): Hapana, mkuu. Mimi nilifutiwa amri namna hiyo. Skripti yangu ya usiku, yaani faili la amri zinazojiendesha zenyewe, ikakwama, asubuhi faili la hesabu za asali tupu, wanunuzi wamekaa kwenye benchi wananisubiri. Siku tatu najaza upya kutoka kwenye daftari. Tangazo lilikuwepo, lakini huku tunapakua toleo bando likipatikana, hatuwahi kusoma kila kitu.

ujiji_kodi: Pole sana. Basi aunganishe kimyakimya, hakuna atakayeumia.

reli_ya_kati (Tabora): Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Skripti iliyozoea safu moja itapokea tatu, ijumlishe tarehe kana kwamba ni dagaa, na hakuna atakayejua. Bora igome waziwazi. Mimi nasema onyo, ila lipite mkondo wa makosa, njia ya pembeni ambayo programu hutolea ujumbe wa makosa, lisichanganyike na kilo. Tena usidhani ni jambo dogo: `egrep`, amri ya kutafuta maneno kwenye faili, ilihesabiwa ya kizamani tangu 2007, GNU grep 3.8, toleo la programu inayokuja nayo, ikaanza kuonya mwaka 2022, na bado yapo majaribio ya programu yaliyoanguka kwa kuwa yalitegemea mkondo huo uwe mtupu. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, kwenye toleo 2.51 wameweka hatua ya katikati kwa amri yao ya zamani `git whatchanged`: inagoma mpaka uongeze `--i-still-use-this`, na inakuomba uwaandikie kama bado unaitumia.

mzee_wa_asali: Na onyo linipe mstari mzima wa kunakili. "Imepitwa na wakati" hainisaidii saa kumi na moja alfajiri.

mwalo_kibirizi: Nimewaelewa, kuunganisha naachana nako. Nitaongeza `uzito --kilo-tu`, skripti za zamani zipate safu ile ile. Toleo lijalo `pima` itaonya na kutaja mstari huo, linalofuata itagoma, kisha naifuta. Muda siuhesabu kwa miezi: wenzetu wa Kalya wanapelekewa toleo kwa fleshi, na boti. Boti irudi kwanza na habari kwamba wamehama.