Linux Mint: WiFi haionekani, saa inarudi nyuma, mashine inajizima. Naombeni ushauri kabla haijapigwa Windows

Mwalimu wa Bahi

Habari za jioni wakuu. Nafundisha sekondari huku wilaya ya Bahi, na hii mashine ndiyo ninayoandalia mitihani na matokeo ya wanafunzi. Ni ya mtumba, RAM GB 4, nilifungiwa Linux Mint 22 (mfumo endeshi wa bure, badala ya Windows) na ilikuwa inaenda vizuri tu. Betri yake ilishakufa, natumia chaji moja kwa moja. Ilikaa kabatini likizo nzima, nimeiwasha shule zinakaribia kufunguliwa, nikakuta mambo haya.

WiFi haipo kabisa, hata ile alama yake haionekani. Zamani nilikuwa natumia waya wa intaneti wa ofisini, kwa hiyo sikuwahi kuihitaji, lakini ule waya sasa haupo. Halafu saa na tarehe ziko nyuma. Fundi mmoja mjini aliirekebisha kwa mkono, nikaizima na kuchomoa chaji, kesho yake iko nyuma tena. Na mchana ikifanya kazi kwa muda inapata moto, inazima ghafla bila onyo.

Nikiunganisha intaneti ya simu kwa waya wa USB, tovuti nyingine zinafunguka, nyingine zinasema muunganisho si salama. `sudo apt update`, ile amri ya kusasisha orodha ya programu, nayo inagoma, inaandika "is not valid yet". Fundi anasema dawa ni kupiga Windows tu. Mafaili yangu yote yamo humo na sina pa kuyahamishia. Nisaidieni jamani.

Mdau wa Kisasa

Pole mwalimu. Mimi ningekushauri umwache apige Windows upate amani. Linux inataka mtu mwenye muda, na wewe una mitihani ya kusahihisha.

Fundi wa Nzuguni

Mbukwenyi wadau. Ndugu wa Kisasa, nakuheshimu, lakini hapo hapana. Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, kitu ambacho mashine nyingi za mtumba hazina. Halafu ugonjwa wa saa na wa moto ni wa vifaa. Hata ukipiga Windows leo, kesho utavikuta palepale, na mafaili ya watoto yameshafutika.

Mwalimu, tuanze na saa, kwa sababu ndiyo inayokufungia njia ya kutibu WiFi. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Saa yako ikiwa nyuma kwa wiki kadhaa, cheti kilichotolewa juzi kinaonekana hakijaanza kazi, cha miezi mitatu iliyopita kinaonekana kizima. Ndiyo maana nyingine zinafunguka na nyingine zinagoma. Na apt ni hivyohivyo: inaona orodha ya vifurushi vya programu imetolewa tarehe ambayo kwako haijafika, inaikataa.

Unganisha simu kwa waya, andika `timedatectl`, utuwekee majibu. Kisha andika `lspci -nnk`, inayoorodhesha vifaa vya ndani na draiva zake (programu zinazoviendesha), utuonyeshe sehemu yenye neno Network. Usinunue kifaa chochote bado.

Mzee wa Mpwapwa

Niulize kidogo. Saa inakosea kiasi gani? Mashine yenye Windows na Linux pamoja huwa inapishana kwa masaa 3 kamili hapa kwetu, kwa sababu Windows inahifadhi saa ya mahali ulipo na Linux inahifadhi ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Hiyo haina uhusiano na betri ndogo inayotunza saa.

Mwalimu wa Bahi

Shikamoo mzee. Windows haimo. Na siyo masaa, ni siku. Inarudi karibu na siku niliyoizima mara ya mwisho.

Fundi, majibu haya hapa: `System clock synchronized: no`, na chini yake `NTP service: inactive`. Kwenye Network imeandika Broadcom BCM43142 [14e4:4365], halafu hakuna mstari wa "Kernel driver in use".

Fundi wa Nzuguni

Asante, umetusaidia sana. Nyuma kwa siku maana yake betri ndogo ya ubao mama, inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa, imeisha. Linux yenyewe inakumbuka kwenye diski tarehe iliyozimwa, inaanzia hapo ili isirudi miaka ya nyuma kabisa. Na hiyo "inactive" ni kwamba aliyeiweka saa kwa mkono alizima usawazishaji wa mtandao. Simu ikiwa imeunganishwa andika:

`sudo timedatectl set-ntp true`

Subiri kidogo, angalia saa. Ikishakaa sawa, `sudo apt update` itapita. Ishia hapo, usiandike `apt upgrade` kwa bando la simu, litaisha lote. Fungua Driver Manager, itakupendekezea draiva ya Broadcom, chagua hiyo tu. Kadi yako ni nzima. Draiva yake si ya chanzo huria, ndiyo maana haiji imewashwa.

Mwalimu wa Bahi

Saa imekaa, apt imepita, nimelia kwa furaha. Draiva imeingia, ikaniomba nitunge nenosiri, nikaanzisha upya, ikaja skrini ya bluu nikiwa nafungua mlango kwa mtoto. Niliporudi Mint ilishawaka. WiFi bado. `sudo modprobe wl`, amri ya kuiwasha draiva hiyo, inasema "Key was rejected by service".

Binti wa Kondoa

Dada, hapo umefika pazuri, hilo ndilo jibu lenyewe. Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati inawaka, imewashwa, na inakataa draiva ambayo ufunguo wake haijaujua. Ile skrini ya bluu ndipo unapoutambulisha, na inasubiri sekunde chache tu kisha inaendelea. Iite tena:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Tunga nenosiri fupi, liandike kwenye karatasi. Anzisha upya, kaa mbele ya mashine. Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, Continue, Yes, weka lile nenosiri, kisha Reboot.

Mdau wa Kisasa

Si azime tu Secure Boot kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla haijawaka? Mimi ndivyo nilivyofanya yangu.

Binti wa Kondoa

Inafanya kazi, sikatai. Lakini BIOS za mtumba nyingine zina nenosiri la mwenye mashine wa kwanza, na kusajili ufunguo ni mara moja, ulinzi unabaki. Kwa mashine yenye matokeo ya wanafunzi ningesajili.

Mwalimu wa Bahi

WIFI IPO! Hata ya jirani naiona. Mungu awabariki. Sasa moto na betri?

Fundi wa Nzuguni

Hongera mwalimu. Moto kwa Dodoma karibu kila mara ni vumbi. Upepo wa kiangazi unalisukuma hadi ndani ya feni, linaganda kwenye matundu ya kutolea joto kama blanketi, hewa haipiti. Weka `sudo apt install lm-sensors`, andika `sensors` wakati inafanya kazi. Ikikaribia nyuzi 100, prosesa inajizima ili isiungue. Mpe fundi aifungue, apulize vumbi huku ameshikilia feni isizunguke, abadilishe na ile pesti ya prosesa, ya zamani itakuwa imekauka. Wewe usiitumie juu ya kitanda.

Ikiwa imefunguliwa, hapohapo abadilishe betri ya saa. Nyingi ni CR2032 ya volti 3, lakini za mashine za kubeba huwa zimefungwa plastiki na nyaya mbili zenye soketi ndogo. Aende na ya zamani mkononi dukani, alinganishe soketi. Asichomelee nyaya kwenye betri tupu, joto linaiharibu.

Ikirudi, izime, chomoa chaji usiku kucha. Asubuhi iwashe bila simu wala WiFi, andika `sudo hwclock --show`, itakuonyesha saa ya ubao mama. Saa ikiwa sahihi, malipo yake ni halali. Ikiwa nyuma, irudishe kwake kabla hujamlipa, na utuwekee picha ya ubao hapa tuone.