Hojaji ya PAQ-A kwa vijana waliokuwa nyumbani shule zikiwa zimefungwa

Mtafiti_Nakuru:
Wakuu, nina data za vijana wa sekondari wa miaka 14 hadi 18, zilizokusanywa kwa simu Agosti 2020 shule za Kenya zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Nilitumia PAQ-A, hojaji inayomuuliza kijana kuhusu mazoezi yake ya siku saba zilizopita. Wastani umetoka chini mno, na maswali ya 2 na ya 3 karibu wote wana alama 1, ya chini kabisa kati ya 1 hadi 5. Je, niandike kwamba mazoezi yalipungua? Na wanaochota maji na kulima nawaweka wapi?

Takwimu_Kwanza:
Usiandike hivyo bado. PAQ-A ilitungwa Kanada kwa vijana walio katika muhula wa masomo. Swali la 2 ni kipindi cha elimu ya viungo, la 3 ni mapumziko ya mchana shuleni. Shule imefungwa, kijana atajibu nini zaidi ya 1? Chukua aliyepata jumla ya 14 kwenye maswali sita yaliyobaki: wastani ni 2.33. Ukirudisha yale mawili anakuwa na 16 kwa 8, yaani 2.0. Hiyo 0.33 imeliwa na kufungwa kwa shule tu, mtoto hajabadilika.

Yatoe, ugawe kwa sita, useme wazi kwamba hojaji imerekebishwa, na usiilinganishe na tafiti zilizotumia maswali manane. Swali la 4 nalo ("mara tu baada ya masomo") lina kasoro hiyohiyo. Kama karani wako hakulisoma kwa saa, mfano saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni, kila kijana alilielewa kivyake.

Kagua pia swali la 1. Orodha ile ina shughuli zaidi ya 20, ikiwemo hoki ya barafu, na alama yake ni wastani wa orodha nzima. Kila mchezo usiochezwa unaingia kama 1 na kuuvuta chini. Ungebadilisha kabla ya kukusanya: toa ya theluji, ongeza ya hapa kama kati (mchezo wa kukwepa mpira); kuruka kamba na kukimbia tayari vimo.

Mwalimu wa Viungo:
Kuhusu maji na shamba: mwongozo wa WHO wa 2020 kwa umri wa miaka 5 hadi 17 unataka wastani wa dakika 60 kwa siku, za shughuli za nguvu ya kadiri hadi nzito, na kazi za nyumbani zimo. Ila si kila kazi. Kuosha vyombo umekaa kwenye kigoda hakuhesabiki. Kubeba mtungi wa lita 20, hizo ni kilo 20, kupanda mlima kunahesabika. Muulize: safari ngapi, dakika ngapi, na je, ulipokuwa ukibeba ungeweza kuongea lakini si kuimba? Akijibu ndiyo, iweke kwenye nguvu ya kadiri. Usipouliza hivi, wasichana ndio watakaoonekana wavivu bure.

Kwa "kupungua" unahitaji kipimo cha kabla, na kumbukumbu ya Januari, kabla shule hazijafungwa, kwa mtu anayehojiwa Agosti haitoshi. Kitu pekee ninachokiamini ni safari ya shule: kilomita 3 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni dakika 36, kwenda na kurudi 72. Kijana wa kutwa alizipoteza zote. Wa bweni hakuwa nazo, yeye alipoteza kipindi cha michezo cha jioni. Watenganishe hao wawili kabla ya hesabu yoyote.

Mtafiti_Nakuru:
Ahsanteni. Mwenzangu ana data za Uganda, tuziunganishe?

Takwimu_Kwanza:
Hapana, zichambueni kando. Kenya ilianza kurudisha baadhi ya madarasa Oktoba 2020 na wote Januari 2021; Uganda ilifungua kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Kijana wa kule mwaka 2021 alikuwa na mazoea mengine kabisa. Na usisahau swali la 9, la ugonjwa wiki ile: halina alama, ila aliyejibu ndiyo mtoe kwenye uchambuzi mkuu, kisha rudia hesabu akiwemo uone kama matokeo yanasogea.