Data za mita za fida zimeishinda Ekseli, nyie mnatumia nini?

kijana_wa_fida: Wakuu habari za mchana. Nina data za fida 12 (laini za kusambaza umeme) za kilovolti 11, mita zinasoma kila dakika 15, miaka 3 yote iko kwenye mafaili ya CSV ya mwezi mmoja mmoja. Nikiyaunganisha Ekseli inagoma, nikichora hata mwaka mmoja tu linatoka dude jeusi huoni kitu. Bosi anataka kujua fida ipi inazidiwa na saa ngapi. Msaada tafadhali.

mzee_wa_gridi: Ekseli unaionea bure mkuu. Siku moja ni usomaji 96, mwaka 35,040 kwa mita moja, zidisha kwa 12 na miaka 3 unavuka milioni 1 na laki 2, shiti moja mwisho wake mistari 1,048,576. Hamia kwenye database. Mi natumia database ya PostgreSQL na TimescaleDB juu yake, nyongeza ya data za muda, halafu Grafana inachora, zote unashusha bure.

Mama Volti: Kabla hujahamisha angalia hizo sifuri kwanza!! Kuna mifumo mita ikikosa mtandao inajaza 0, na fida ikikatika kweli nayo ni 0, ukizichanganya wastani wote umeharibika. Data ambayo haijafika acha pengo. Na usijumlishe pik (vilele vya mzigo) za fida zote ukasema ndo mzigo wa transfoma, ya viwandani inapanda mchana ya makazi inapanda jioni, hazikutani.

chora_chora: Achana na grafu ya mstari, chora ramani ya rangi, siku zinaenda kulia, saa zinapanda juu, mzigo mkubwa mwekundu. Pik ya jioni inatokea kama mkanda na umeme ukikatika unaona tundu. Kisha panga mizigo yote toka mkubwa kwenda mdogo, hapo bosi ataona fida iliyozidiwa masaa machache kwa mwaka na ile inayozidiwa kila siku, maana dawa zake tofauti kabisa.

kijana_wa_fida: Nimejaribu fida moja ya makazi, mkanda umetoka safi ila upo saa 5 usiku?? Huku pik ni saa 2.

mzee_wa_gridi: UTC hiyo, saa za kimataifa, ziko nyuma ya zetu kwa masaa 3. Mita imeandika saa za huku, database ikadhani ni UTC, kwenye kuonyesha Grafana ikaongeza 3 nyingine. Taja saa za eneo, Africa/Dar_es_Salaam, wakati unaingiza, usiende kurekebisha kwenye grafu, utakuja kuchanganyikiwa.

kijana_wa_fida: Sawa mkuu naingiza upya. Ila fida 2 zinasoma nusu ya zingine, itakuwa CT (transfoma ndogo ya kupimia mkondo)?

Mama Volti: Linganisha reshio (CT inapunguza mkondo mara ngapi) iliyowekwa kwenye mita na iliyoandikwa kwenye CT yenyewe, mkibadilisha CT mita ikabaki na reshio ya zamani inakuwaga hivyo hivyo.